Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Kashikishi, Nchelenge
6 Juni 1999

Mwanangu Priscille,

Mimi mzima, Eness aliyenipokea nyumbani kwake ni mzima, na macho yangu bado yanaona tundu la sindano bila miwani. Hizo ndizo salamu. Sasa tuongee kazi.

Davison wa lori la samaki ameondoka asubuhi hii kuja huko Lusaka, na vitambaa vyako sita vya meza viko mbele, chini ya kiti chake. Nimevifunga ndani ya plastiki mbili. Hata hivyo vinuse kabla hujamshukuru, maana huyo bwana hata shati lake la kanisani linanuka dagaa wa chisense.

Hapa kazi ni ngumu. Ni miezi mitatu tangu nivuke ziwa kuikimbia vita ya Pweto na begi moja na kikapu cha nyuzi. Watu wanaomba sabuni, wanaomba nyavu. Hakuna anayeomba kitambaa cha meza chenye nakshi, kwa sababu wengi wetu hata meza zenyewe tuliziacha ng'ambo. Kwa hiyo nilifurahi uliponiandikia kwamba umenitengenezea ukurasa kwenye intaneti, na kwamba mtu wa Ubelgiji anaweza kukaa kwake akaiona kazi yangu. Nilimweleza Eness. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Sasa ile Belgique mbona inanyamaza?"

Halafu unaniambia tuko nafasi ya mia moja na tisini. Priscille! Mimi soko la Pweto nilikuwa na meza ya kwanza, pale mlangoni, kila anayeingia ananisalimia apende asipende. Mia moja na tisini ni kule nyuma wanakochoma takataka. Mwone mkubwa wa hilo soko lenu. Mwambie Mama Léonie amefundisha wasichana wa misheni kudarizi miaka ishirini, hajazoea kukaa nyuma.

Sitanii. Nataka yeyote atakayefungua ile mashine, hata awe mbali namna gani, hata kama hatafuti kitambaa, anione mimi.

Mama yako mukubwa,
Léonie

*

Lusaka
19 Juni 1999

Mama Mukubwa mpendwa,

Vitambaa vimefika salama. Havinuki, au labda pua yangu imeshamzoea Davison.

Nimecheka sana na soko lako, lakini ngoja nikueleze vizuri, maana mkubwa wa soko hayupo. Kuna mashine za kutafuta. Mtu anaandika maneno, mashine inamletea orodha ya kurasa zenye maneno hayo, kumi kwanza, halafu kumi nyingine. Watu wanaangalia zile kumi za mwanzo, wakijitahidi sana ishirini, basi wanachoka. Sisi tuko kwenye kumi ya kumi na tisa. Hakuna mtu anafika huko isipokuwa mimi.

Kosa ni langu. Nilipiga picha nzuri za vitambaa nikazijaza ukurasani, kumbe mashine haioni picha hata moja. Inasoma maneno tu. Na maneno niliyoweka yalikuwa "karibuni wageni wapendwa kwenye ukurasa wetu mzuri". Dunia nzima inakaribisha wageni, Mama. Kurasa milioni zinasema karibu.

Nimejifunza hivi: usiandike unachotaka kusema wewe, andika kile ambacho anayekutafuta ataandika. Nimeshaweka "kitambaa cha meza", "kudarizi kwa mkono", kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Lakini hayo hata Wachina wanayo. Nahitaji maneno yako wewe. Keti, mfikirie mtu anayekutafuta, halafu niambie ataandika nini. Usichague sana, niletee yote.

Bosi ananiachia kompyuta moja kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, saa moja mlinzi anafunga. Nina muda wa kutosha.

Nimeulizia tena habari za mwanao Ghislain kwa Wakongo wa hapa wanaosafiri kwenda Afrika Kusini. Hakuna aliyemwona. Wewe je, kuna lolote? Nisamehe, najua nauliza kila barua.

Mtoto wako,
Priscille

*

Kashikishi
3 Julai 1999

Mwanangu,

Nimekaa kama ulivyoniambia. Nimefikiri siku nne, Eness akadhani naumwa. Haya ndiyo maneno, yaandike yote kama yalivyo.

Pweto. Mama Léonie wa misheni. Nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya kanisa. Kitambaa cha meza. Mbwa mweusi anayeitwa Kapiteni. Ugali wa muhogo na chisense wa kukaanga bila nyanya. Kwaya ya watoto, mstari wa mbele, mtoto wa tatu kutoka kushoto. Homa ya mwaka themanini na nne. Kovu la goti la kushoto, la baiskeli ya padri. Penseli nyekundu. Mulumba fundi wa mitumbwi, marehemu. Mto Luvua pale unapotoka ziwani.

Habari za Ghislain hakuna. Tuendelee na kazi.

Tuko nafasi ya ngapi sasa?

Léonie

*

Lusaka
15 Julai 1999

Mama Mukubwa,

Nilisoma orodha yako ofisini nikasema moyoni, mama huyu amechoka, mnunuzi gani wa Ubelgiji ataandika "kovu la goti la kushoto"? Nikaisoma mara ya pili kwenye basi. Goti hilo nalijua. Nilikuwapo siku ya baiskeli ya padri, mimi ndiye nilikuwa nimekaa nyuma.

Kwa nini hukuniambia tu? Kumbe tangu mwanzo hutaki wanunuzi. Unataka mmoja akuone. Ghislain aliondoka mwanzo wa mwaka tisini na saba, hajui kwamba Pweto imevamiwa, hajui kwamba umevuka ziwa. Akiandika barua Pweto leo, hakuna hata posta ya kuipokea. Nimelia kwenye basi, kondakta akanipa kiti cha dirishani.

Basi sikungoja ruhusa yako. Nimeweka tangazo juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa: GHISLAIN MULUMBA, POPOTE ALIPO, APASHWE HABARI KWAMBA MAMA YAKE LÉONIE YUKO NCHELENGE, ZAMBIA. Sasa akiandika jina lake, au lako, au Pweto, lazima tutokee.

Na kuna jambo lingine zuri. Mashine huuheshimu ukurasa ambao kurasa nyingine zinauonyesha kwa kidole. Nimewaandikia watu wa parokia moja ya Liège ambako kuna Wakongo wengi, wamekubali kututaja kwenye ukurasa wao. Tangu hapo tumepanda hadi nafasi ya kumi na nne. Ya kumi na nne, Mama! Tumeshatoka kwenye takataka.

Omba nasi tufike kumi za mwanzo.

Priscille

*

Kashikishi
22 Agosti 1999

Priscille,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na msiba. Nitakusimulia msiba wenyewe, maana wewe ndiye uliyeuleta.

Jumanne moja nilikuwa uani natenganisha nyuzi. Nikaona wanawake wanakuja njiani, saba, wanane, kila mmoja na kuni kichwani kama waendao msibani. Wa mbele alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga kiunoni. Walipofika hawakuniamkia. Walitua kuni, wakakaa chini, wakaanza kulia. Mmoja akanikumbatia, "Pole, Mama Léonie, pole. Tumesikia ya mutoto yako." Mimi na nyuzi mkononi. Eness akatoka jikoni mbio, "Iyee, mayo! Nani amekufa?" Wakasema, "Ghislain."

Sijui nilianguka au nilikaa. Najua nilikuwa chini.

Habari ilipitia wapi? Nimeichambua yote. Clotilde, yule wa Pweto aliyeolewa Liège, ameona tangazo lako kupitia ukurasa wa parokia. Akapiga simu Lusaka kwa ndugu zake. Ndugu zake wakasema sokoni. Davison akasikia akipakua samaki, akaileta huku, akaja kunililia kwa huruma yake yote. Nilimwuliza, "Umesikia nini hasa?" Akasema, "Ba mama, banasema kuko kominike. Ghislain Mulumba, popote alipo, apashwe habari."

Priscille, wewe umezaliwa wapi? Umesahau kominike, yale matangazo ya redio ya nyumbani? Kila siku saa saba mchana, tukiwa na sahani magotini, "fulani, popote alipo, apashwe habari". Baada ya maneno hayo umewahi kusikia habari njema hata mara moja? Bibi yako alikuwa akisikia "popote" tu anaweka kijiko chini. Wengine walielewa kwamba nimekufa mimi, wengine kwamba amekufa yeye. Wote walielewa kwamba kuna maiti.

Wamekaa siku mbili. Nilisema hakuna aliyekufa, wakaniambia ndivyo mama husema. Usiku wa pili na mimi nilianza kuwaamini.

Ondoa jina la mwanangu pale juu. Sitaki lisomwe na watu tena. Kuni ziko hapa uani, sijui nizirudishe kwa nani.

Léonie

*

Lusaka
30 Agosti 1999

Mama,

Nimeliondoa saa ileile barua yako ilipofika, hata sikuketi. Sina la kujitetea. Nilikuwa nafikiria mashine, nikasahau watu. Nimempigia Clotilde kwa simu ya ofisi, nimemweleza, amelia na kunitukana kidogo, ndiyo haki yangu. Naomba unisamehe. Ningekuja mwenyewe kupiga magoti kama bosi angeniachia siku nne za barabara.

Lakini nisikilize, tafadhali, hata ukiwa umekasirika. Jina lake likitoka kabisa, hatatupata. Mashine haijui kukisia. Usichokiandika, kwake hakipo.

Kuna njia nyingine. Kitambaa kina upande wa juu, ambao mgeni anauona, na kina upande wa nyuma, ambako mafundo ya uzi yanakaa. Ukurasa nao ni hivyohivyo. Nyuma yake kuna mstari wa maneno ambao mtu akifungua hauoni kabisa. Mashine peke yake inausoma. Naweza kuliweka jina la Ghislain pale. Clotilde hataliona, Davison hatalisikia, redio haitalisoma. Mtu mmoja tu akiliandika, litaitika.

Sitafanya kitu mpaka uniambie ndiyo. Safari hii nasubiri.

Na niulize jambo moja, Mama, kwa sababu limenikaa. Katika orodha yako kulikuwa na mbwa, kulikuwa na homa, kulikuwa na marehemu baba. Jina lake mwenyewe hukuliandika, na hata lako uliandika la misheni tu. Kama ni mtoto anayemtafuta mama yake, kwa nini hukuandika kwamba ataandika "mama"? Kuna kitu hujaniambia.

Mtoto wako mkosaji,
Priscille

*

Kashikishi
12 Septemba 1999

Mwanangu Priscille,

Nimekusamehe tangu Jumapili. Kuni tumezipikia maharage, tukawaita wale wanawake tukala nao. Walioleta msiba wamekula karamu. Eness amesema ni msiba wa kwanza aliouona ambao maiti alikosa kuhudhuria.

Sasa hilo unaloniuliza. Nimelificha karibu miaka mitatu, hata padri hajui.

Hataandika "mama", kwa sababu nilimkataza.

Ilikuwa Noeli ya mwaka tisini na sita. Alirudi kutoka shule Lubumbashi akaniambia hataendelea, anakwenda Afrika Kusini na wenzake. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeshawaambia majirani kwamba mwanangu atakuwa mwalimu. Tulibishana toka ibada ilipokwisha hadi chakula kikapoa. Mwishoni alisimama mlangoni, "Mama, mi naenda." Nami nikasema, sikupiga kelele, nilisema polepole ili asikie vizuri, "Kama unapita ile barrière ya kutokea mjini, usinitafute tena."

Unamjua Ghislain. Ukimwambia asiguse sufuria, haigusi hata iungue. Tangu mdogo alikuwa mtiifu mpaka unakera.

Bado. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, barua yake ilifika Pweto kwa mkono wa mfanyabiashara. Nikaujua mwandiko. Nikaiweka kwenye sanduku la bati bila kuifungua. Nilisema ngoja aandike ya pili, ya tatu, aumie kidogo kama nilivyoumia, ndipo nitajibu. Ya pili haikuja. Mwezi wa tatu mwaka huu tulipokimbia, nilikamata begi na kikapu cha nyuzi. Sanduku nililikumbuka tukiwa tayari majini. Nilimwomba mwenye mtumbwi arudi, akazidi kupiga kasia.

Kwa hiyo anwani yake ilikuwa nyumbani kwangu mwaka mzima na nusu, na mimi nilikuwa nailalia kwa kiburi. Ndiyo maana nakusumbua na nafasi ya kwanza. Mimi siwezi kumtafuta, sijui pa kuanzia. Yeye hawezi kunitafuta, nilimkataza. Nataka tu nikae mahali ambapo atanikuta bila kunitafuta.

Weka jina lake upande wa nyuma. Ndiyo.

Halafu kuna neno moja sikuliandika kwenye orodha, kwa sababu niliona haya. Ile nakshi ya kitambaa cha buluu, mistari midogo ya uzi mweupe inayokwenda pamoja halafu yote inageuka mara moja, siyo yangu. Masista hawakutufundisha. Ghislain aliichora kwa penseli nyekundu akiwa na miaka tisa, siku baba yake alipompeleka majini akaona kundi la chisense linageuka chini ya mtumbwi. Akaniambia, "Mama, ona, chisense wanarudi." Basi nyumbani kwetu tuliiita hivyo. "Leo unashona nini?" "Nashona chisense wanarudi." Hakuna mtu mwingine duniani anayeiita hivyo. Sijui kama linafaa kitu.

Léonie

*

Lusaka
25 Septemba 1999

Mama yangu,

Barua yako nimeisoma na sitamwonyesha mtu. Nitakachosema ni kwamba mimi pia ningeiweka kwenye sanduku. Tumetoka tumbo moja la bibi, kiburi tuligawana.

Lazima nikuungamie na mimi. Nilisema nitasubiri, na jina lake kweli nilisubiri. Lakini nilikuwa nimelirudia lako mara mia tatu, "Léonie Mulumba Léonie Mulumba", herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, wasomaji wasione, mashine isome ichoke itupandishe. Wengi wanafanya hivyo na wanafanikiwa wiki mbili. Mashine kubwa kuliko zote imegundua, imetutupa nje kabisa. Siyo mia moja na tisini, Mama. Hatumo.

Nimefuta yote, nimeanza upya. Jina lake nimeliandika mara moja, upande wa nyuma. Lako mara moja, mbele. Nimekumbuka ulivyokuwa ukituita kula: unatoka mlangoni, unaita mara moja, unarudi ndani. Na tulikuja.

Sasa kuhusu neno lako uliloliona haya. Usione haya. Niliketi kwenye kompyuta nikaandika "chisense wanarudi" nitafute dunia nzima. Mashine imejibu kwamba haina kitu. Hakuna hata ukurasa mmoja! Unajua maana yake? Kwenye "kitambaa cha meza" tunasukumana na maelfu. Kwenye "chisense wanarudi" tutakuwa peke yetu. Wa kwanza na wa mwisho. Nimeliweka kama kichwa cha ukurasa, na chini yake picha ya kile cha buluu, ile niliyokupiga Pweto ukiwa umekishika, na maneno machache: nakshi hii ilichorwa Pweto na mtoto wa miaka tisa, mama yake bado anaishona, sasa yuko Kashikishi, Nchelenge.

Sikuandika "popote alipo".

Nimewaomba wenye mashine waje watusome tena. Wanasema wiki sita, labda nane. Tungoje.

Priscille

*

Lusaka
27 Novemba 1999

Mama,

Nimemwambia Davison asimpe mtu mwingine bahasha hii, hata Eness. Nimemwapisha mbele ya lori zima la wachuuzi.

Karatasi ya ndani ilifika kwenye kompyuta ya ofisi juzi jioni. Niliichapa mara mbili kwa sababu ya kwanza niliilowesha. Sijabadilisha neno. Kaa kwanza, halafu fungua.

Priscille

*

Durban
25 Novemba 1999

Kwa mwenye ukurasa wa vitambaa, tafadhali mfikishie Mama Léonie Mulumba, Kashikishi.

Mama,

Ni mimi, Ghislain. Naandikia kwenye duka la kompyuta, kijana wa pembeni amenionyesha herufi ziko wapi, kwa hiyo usishangae makosa.

Niko mzima. Nilianza kwa kulinda magari ya watu mtaani, mwaka huu nimepata kazi kwa mama mmoja anayeshona mapazia. Wiki iliyopita alikosa nakshi mpya ya kuwaonyesha wateja. Nikamchorea moja kwenye karatasi. Aliipenda, akaniuliza inaitwaje. Nikamwambia jina lake, na maana yake. Sasa mama huyu ni mwangalifu, hataki kushona kitu cha mtu. Akaniambia niliandike lile jina kwenye kompyuta yake, tuone kama nakshi hii ina mwenyewe.

Niliandika. Ukatokea ukurasa mmoja tu. Picha ilikuja polepole, kutoka juu kwenda chini. Niliona buluu kwanza, halafu mistari, halafu kidole chako gumba kimeshika pembe ya kitambaa, kile chenye ukucha uliopinda. Yule mama akaniuliza, "Ina mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Nikakaa chini, akaniletea maji.

Hivyo ndivyo nimejua kwamba umevuka. Nilisikia Pweto imeanguka, nikawa nauliza kila Mkongo anayefika hapa, nauliza habari za mji, za kanisa, za mbwa. Jina lako sikulitaja. Uliniambia nisikutafute, Mama. Sikukutafuta. Nilitafuta chisense tu.

Nilikuandikia mwaka tisini na saba. Sijui kama barua ilifika. Kama ilifika na hukupenda yaliyokuwemo, naomba usinijibu hii pia, nitaelewa.

Mwanao,
Ghislain

*

Kashikishi, Nchelenge
5 Desemba 1999

Ghislain mwanangu,

Priscille ataipiga barua hii kwenye mashine yake na itakufikia kabla wino wangu haujakauka, ndivyo anavyodai. Kwa hiyo naandika haraka, nisije nikapata muda wa kuwa na kiburi.

Barua yako ya mwaka tisini na saba ilifika. Haikunikasirisha, kwa sababu sikuifungua. Iko Pweto ndani ya sanduku la bati, kama sanduku bado lipo. Nilitaka uandike ya pili. Hilo ndilo kosa langu, ni kubwa kuliko lako la shule, na sina namna ya kulipunguza. Niandikie tena yale yaliyokuwemo. Kama umesahau mengine, andika unayoyakumbuka.

Kapiteni alikufa kabla ya vita, kwa uzee, nyuma ya mlango wa kijani. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Mwambie huyo mama wa mapazia ashone. Mwenyewe ameruhusu. Ila mstari wa pili usigeuke kabla ya wa kwanza, wageuke pamoja, wewe ndiye ulinifundisha.

Ukija, shuka Nchelenge boma, usikubali wakupeleke mbele hadi Chienge. Fuata barabara ya ziwani hadi soko la samaki la Kashikishi. Uliza lori la Davison, wote wanalijua kwa harufu. Nyumba ya Eness ina ua mkubwa, na pembeni pana kuni zilizobaki, nitakueleza zilitoka wapi, utacheka. Mimi nakaa mlangoni mchana kutwa kwa ajili ya mwanga.

Neno nililokuambia Noeli ile ninalifuta leo, mbele ya Priscille na mashine yake, ili lisomwe na kila atakayetaka kulisoma.

Nitafute.

Mama yako,
Léonie